Mkia wa Galaksi na Vioo Vitatu vya Mwisho

Siku yangu ya kwanza katika chumba cheusi niligonga kichwa mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mara mbili kwenye rafu, na mara ya tatu, nikiwa nimeinama, kwenye kidevu cha Papa Mushagalusa, mwenye chumba. Alisema tu, "Weye uko mulefu sana kwa hii kazi," kisha akaendelea kunionyesha vitu ambavyo sikuweza kuviona.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye labo, hasa wawili mliopokea funguo zangu juma lililopita. Juu ya vyeo na mshahara sitasema kitu. Vyote viwili vilikuja vikichelewa, na hakuna aliyewahi kujifunza kazi kwa kusikia habari zake. Nitasema juu ya giza, juu ya vioo, na juu ya ule mkia wa mwanga ambao nusura unirudishe kuosha chupa.

Nilizaliwa Mudaka, katikati ya migomba na maharagwe, nikasoma shule ya misheni ya Waprotestanti. Nilianza kazi mwaka ule serikali ilipotuamuru sote kuacha majina ya ubatizo. Niliingia ofisi ya kituo chetu cha utafiti nikiwa Esther, nikatoka nikiwa Citoyenne, yaani Raia, Nabintu, mwosha chupa. Mama aliuliza kama kwenye kituo kulikuwa na bia nyingi kiasi cha kuhitaji mtu mzima wa kuosha chupa. Nilimweleza kwamba ni chupa za dawa za picha. Akaniambia nisizionje.

Baada ya miezi kadhaa Papa Mushagalusa aliniomba kwa mkubwa wa kituo nimsaidie chumbani. Alikuwa mwanamume mfupi kutoka Kabare, mwenye vidole vya kahawia kwa sababu ya dawa, na alikuwa ameanza kuwasafishia picha Wabeleji kabla mimi sijaota meno. Picha zetu hazikuwa za karatasi. Zilikuwa vioo vyembamba vilivyopakwa dawa upande mmoja, na kila kioo kiliwekwa nyuma ya darubini ya zamani, kwenye kibanda chake juu ya kilima, kikanywa mwanga wa nyota saa nzima au zaidi. Asubuhi kilikuja kwetu. Sisi tulikitia katika dawa ya kuamsha, ambayo huifanya picha itokee, kisha katika dawa ya kufunga, ambayo huizuia isiharibike. Yote hayo katika giza kabisa, maana hata taa nyekundu ingeviua.

Sasa, ukiwa gizani utaona saa wapi? Papa Mushagalusa alihesabu muda kwa sala. Dawa ya kuamsha ilihitaji Salamu Maria ishirini, zisizokimbizwa, huku ukitikisa beseni polepole mbele na nyuma. Mimi sikuijua sala hiyo. Alinifundisha kwa uzito uleule aliotumia kunifundisha kupima joto la maji kwa kifundo cha mkono. Nilipoisema nyumbani siku moja nikipika foufou, bila kujua, mama alikaa kwenye kiti na kuniuliza ni nani aliyenibadilisha dini. Nilimjibu kwamba ni saa yangu ya kazini. Alikufa bila kuamini.

Vioo vilitoka Ulaya kwa ndege hadi Kavumu, vikiwa katika maboksi meusi yaliyofungwa kwa utepe. Tulikwenda kuvichukua sisi wenyewe, tukavipakata magotini njia nzima ili mashimo ya barabara yasivivunje. Mara ya kwanza nilipokwenda, mwanajeshi alishika boksi na kuamuru kwa Kilingala, "Fungola!" Yaani fungua. Boksi likifunguliwa mchana, vioo vyote vimekufa.

Papa Mushagalusa hakubishana. Alimtazama yule mtu kwa makini, kama fundi anayepima kitambaa, akasema, "Chef, hii uniforme yako iko muzuri sana. Haujapigwa foto nayo?" Hakuwa amepigwa. Papa alitoa kamera yake ndogo begani, akamsimamisha karibu na mlango, akamwambia ainue kidevu. Juma lililofuata tulimpelekea picha tatu. Tangu siku hiyo maboksi yetu yalipita Kavumu kama mizigo ya askofu.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuja pamoja na Docteur Kasongo. Alikuwa kijana wa Maniema aliyesoma elimu ya nyota Ulaya na kurudi akiwa na abacost moja, ile suti isiyo na tai, na masanduku mawili ya vitabu. Aliipenda ile darubini ya zamani kwa sababu haikuhitaji umeme. Ilizungushwa na mashine ya saa iliyovutwa na mawe ya chuma, kwa hiyo umeme ulipokatika mjini, sisi tuliendelea kuifuata mbingu bila habari. Mwezi wake wa pili alikuja mbio kwenye labo na kioo mkononi. Alikuwa ameona galaksi mpya, alisema, yenye mizunguko safi ajabu. Papa Mushagalusa alichukua lenzi ya mkono, akatazama, kisha akaniita. Alinishika mkono wa kulia na kukiweka kidole gumba changu kando ya ile galaksi.

Ilikuwa alama ya kidole changu, na kila mstari ulikuwa umetokea.

Docteur hakucheka. Alikuwa amekwisha kuipima kwa siku mbili. Tangu hapo, kila alipoona kitu kisichojulikana kwenye kioo, aliniuliza kwanza kama nilikuwa nimekigusa. Alikuwa na haki. Nami nilijifunza kushika kioo kwa kingo tu, kama mtu anayeshika sahani ya moto, na nilikata kucha zangu kila Jumatatu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa kiangazi, ile miezi ambapo mvua inatuacha na anga linakuwa kavu, kabla moshi wa mashamba haujalifunika. Docteur alikuwa akipiga picha za galaksi za upande wa kusini. Kwa mtu asiyejua: nyota tunazoziona zote ni za mji mmoja, na huo mji ni galaksi yetu. Mbali sana kuna miji mingine, na mingine imejikunja kama maji yanayozunguka kabla ya kuingia katika shimo, ikiwa na mikono ya nyota inayozunguka kitovu. Moja kati ya zile alizokuwa akipiga ilikuwa na nambari tu katika orodha, haikuwa na jina. Ilikuwa kubwa, yenye mikono miwili, na kando yake palikuwa na galaksi ndogo ya mviringo. Sisi kwenye labo tuliziita Mukubwa na Mudogo.

Docteur alikuwa ametueleza habari yake tukinywa chai. Vitabu viliandika kwamba zile mbili hazihusiani. Zimepangana tu machoni petu, moja ikiwa mbele na nyingine nyuma kabisa, kama kilima cha karibu na mlima wa mbali. Yeye hakuwa na sababu ya kubisha.

Asubuhi moja nilisafisha kioo cha Mukubwa na Mudogo peke yangu, Papa akiwa ameenda kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara. Kwenye vioo vyetu kila kitu ni kinyume, mbingu nyeupe na nyota nyeusi. Nilikisimamisha kikauke, nikakiinua dirishani. Mikono ya Mukubwa ilikuwa mizuri. Lakini kutoka ncha ya mkono mmoja palitoka uzi wa kijivu, mwembamba, uliopinda karibu kabisa na Mudogo, ukampita, ukaendelea mbele mpaka macho yalipochoka.

Wazo langu la kwanza lilikuwa vidole vyangu. Nikavitazama. Kisha nikachukua lenzi na kukaa na kioo kile mpaka chai ikapoa.

Doa la dawa, ambalo sisi tuliliita tache, lina tabia zake. Kingo zake ni kama za maji yaliyokauka mezani, na chini ya lenzi linakaa kama ukungu. Mwanga wa kweli hutengeneza punje nyeusi, moja moja, kama mbegu za ulezi zilizomwagika. Uzi ule ulikuwa na punje. Zilikuwa chache na zimetawanyika, lakini zilikuwa punje.

Docteur alipoingia alitazama kwa muda mfupi tu.

"Iko nini hii?"

"Sijue, Docteur. Lakini haiko tache."

"Ulitia tena kidole?"

"Apana, Docteur. Kidole yangu minaijua, na weye pia unaijua."

Papa Mushagalusa, aliyekuwa ameingia na vumbi la barabarani kwenye viatu, alikohoa ili asicheke. Docteur hakukohoa. Alisema beseni halikutikiswa sawasawa, dawa imekaa upande mmoja, basi. Akachukua kalamu ya wino ili azungushie lile doa alama, asije akalipima bure siku nyingine. Ndiyo desturi, nanyi mnaijua.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliweka mkono juu ya kioo, kwa kingo.

"Docteur, usiandike bado. Tupige ingine, lakini tugeuze kioo. Ile upande ya juu ikuye chini. Kama iko kosa ya kioo ao ya mukono yangu, itabakia kwa kona yake. Kama iko ya mbingu, itafuata nyota."

Alielewa mara moja, nililiona usoni. Lakini katika frigo yetu ya petroli kulikuwa kumebaki vioo vitatu tu, na ndege ya kuleta vingine haikuwa na siku. Docteur alikuwa ameviandikia galaksi tatu nyingine, na bila hizo kazi yake ya mwaka mzima ingebaki nusu.

"Unataka nitupe kioo moja juu ya tache?"

"Ninataka kujua, Docteur. Weye hautaki?"

Papa Mushagalusa alisema taratibu, "Mutoto anasema kweli. Nimeangalia ile punje."

Docteur alizunguka chumba mara mbili, na chumba kilikuwa kidogo. "Sawa," alisema mwishoni. "Lakini miye pia niko na masharti. Tutasogeza darubini kidogo, sababu inaweza kuwa ni mwangaza ya lenzi inarudi ndani. Na Papa Mushagalusa njo atasafisha, kwa beseni ingine, na dawa mupya. Citoyenne Nabintu hatagusa kitu. Kama ule mukia haiko, atarudi kwa chupa."

Nilikubali. Ninyi vijana mnaweza kuona ni jambo dogo, kuosha chupa. Lakini nilikuwa nimekwisha kupenda kazi ile kama mtu anavyopenda sauti fulani. Na zaidi ya hapo, niliamini kwamba nilikuwa nimeona kitu.

Tulipanda kwenye kibanda saa moja jioni. Upande wa Kabare palikuwa na moto wa mashamba, na moshi ulikuwa ukipanda kama mtu asiye na haraka. Docteur aliweka jicho kwenye darubini ndogo ya kuongozea na kushika nyota moja katikati ya nyuzi mbili, maana ikiteleza tu picha yote inaharibika. Mimi niliruhusiwa kuvuta mawe ya saa yakifika chini, kwa kuwa hayo hayakuweza kuchafua kioo. Kwa saa moja na nusu hakuna aliyesema neno, isipokuwa Docteur kuuliza, "Moshi?" na mimi kutoka nje na kujibu, "Iko mbali." Mara ya nne sikuwa na hakika, lakini nilijibu vilevile. Mungu anisamehe.

Asubuhi nilisimama nje ya mlango wa chumba cheusi. Docteur alisimama kando yangu, mikono mfukoni. Kupitia mbao tulisikia maji, kisha sauti ya Papa Mushagalusa: Salamu Maria ya kwanza. Nilihesabu pamoja naye. Kwenye ya kumi na moja alisita, na mimi nikakaribia kupiga kelele nikidhani ameangusha kioo. Alikuwa ameshikwa na chafya. Akaendelea. Kufikia ya kumi na tano niligundua kwamba Docteur naye midomo yake ilikuwa ikicheza, naye alikuwa mtoto wa Waislamu wa Maniema.

Kisha dawa ya kufunga, ambayo haina mwisho ukiwa nje ya mlango.

Papa alitoka na kioo kikidondosha maji. Hakututazama. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akakiinua, akageuza kichwa upande, kwa sababu sasa yote yalikuwa juu chini.

"Nabintu," alisema, "kuya uone."

Kwenye kioo cha kwanza uzi ulikuwa upande wa juu kulia. Nilitazama hapo na pakawa peupe, safi kama shuka. Papa akanishika kichwa kwa vidole vyake vya kahawia, akanigeuza macho chini, kushoto.

Ulikuwa pale. Mwembamba, wa kijivu, ukitoka mkono uleule wa Mukubwa, ukimpita Mudogo karibu vilevile, ukiendelea vilevile. Ulikuwa umeifuata mbingu.

Nilipiga kigelegele. Naam, ndani ya labo, mimi niliyekuwa nikiwakataza ninyi hata kupiga mluzi. Papa Mushagalusa alipiga makofi na kusema kwa Kimashi maneno ambayo watu husema ng'ombe akizaa mapacha. Docteur Kasongo alichukua kile kioo, akakitazama, akakaa juu ya kasha la chupa tupu, akasimama, akakaa tena.

"Banashikana," alisema. "Haiko moja mbele na ingine nyuma. Iko pamoja! Ile mudogo ilipita karibu, ikavuta. Munaona? Ile yote ni nyota. Nyota elfu na elfu, zimevutwa inje."

"Kama soko ya Kadutu," nilisema. "Mutu anapita karibu na weye, begi yake inashika kitenge, weye unaenda huku, yeye kule, kitenge inabaki inavutika katikati."

Alinitazama kwa mshangao, halafu akaanza kucheka, cheko la mtu ambaye hajalala. "Njo vile. Njo vile kabisa. Lakini hapa ile kuvuta inachukua miaka milioni na milioni." Kisha akaacha kucheka. Alisimama wima mbele yangu kama mbele ya mkubwa wa kituo. "Maman Nabintu, minakuomba musamaha. Nilikuwa na kalamu mukononi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa Maman kazini. Sikuwa hata na mume.

Vioo viwili vilivyobaki hakuviweka kwa galaksi nyingine. Siku mbili mfululizo, kabla moshi haujatufunika kabisa, tulipiga mkia ule, mara ya mwisho kwa saa mbili na nusu, tukipokezana kushika nyota. Docteur alinipa jicho la darubini kwa nusu saa nzima. Macho yalitoka machozi, mgongo ukawa mti, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza. Kwenye kioo hicho cha mwisho mkia ulikuwa mrefu maradufu, na ulikuwa na mwenzake, mfupi, upande wa pili wa Mukubwa. Kazi ya Docteur ya mwaka ule ilibaki nusu, kama alivyoogopa. Sikumsikia akiilalamikia.

Aliandika barua kwa watu wa Ulaya wenye darubini kubwa, akaambatanisha picha tulizozichapa Papa nami. Halafu tukangoja. Mvua zikaja, maharagwe yakavunwa, petroli ya frigo ikaisha na kurudi. Papa Mushagalusa alianza kuniachia vioo vyote, yeye akikaa mlangoni kwenye jua. Alisema macho yake yamechoka na giza.

Jibu lilifika siku ya mvua, karatasi ikiwa imelowa pembeni. Docteur alilileta labo bila kulifungua, akalifungua mbele yetu, akatutafsiria mstari kwa mstari. Walikuwa wamezielekezea zile galaksi darubini yao kubwa, na mkia ulikuwepo, wazi, wote mzima. Walipima pia, wakakuta kwamba zile mbili ziko pamoja kweli. Walitupongeza. Docteur alisoma hayo kwa sauti kubwa, na Papa akanipiga bega.

Kisha alifika ukurasa wa pili, sauti ikashuka. Yule bwana aliandika kwamba, baada ya barua yetu, alikuwa ameshuka kwenye ghala lao kutafuta kama waliwahi kuzipiga zile galaksi. Alikuta kioo cha zamani sana, cha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na picha yake alikuwa ameiweka ndani ya bahasha. Mkia ulikuwamo, hafifu, lakini ulikuwamo. Na kuuzunguka palikuwa na duara la wino, kwa mkono wa mtu asiyejulikana, na kando yake neno moja: kosa.

Mvua ilipiga bati.

"Alikuwa laborantin, mutu wa labo kama siye," Papa Mushagalusa alisema mwishoni. "Ile mwandiko haiko ya docteur. Docteur wanasemaga, laborantin njo anaandika."

Nimemfikiria mara nyingi mtu huyo. Labda naye alichukua lenzi, akaona punje, akasema kitu, na docteur aliyesimama mbele yake hakuwa na kioo cha kupoteza, basi akaandika alichoambiwa.